Vidole Havikatwi

Injinia alilitamka neno "kukata" kwa upole, kama kinyozi anayemhakikishia mteja kwamba nywele zitaota tena.

"Tunakata vidole tu. Mkono unabaki, kiganja kinabaki, mama wa watu anabaki mzima. Vidole vinaungana vinakuwa kipande kimoja, kama ile glovu ya kutolea trei kwenye oveni. Uzito unapungua, na kesho saa nne tunawaonyesha wateja kitu kinachotembea."

Madam, mwenye kampuni, alishaanza kuitikia kwa kichwa kabla sentensi haijafika mwisho. Watu wa kiwanda walikuwa wanakuja kesho kuona kazi yao, na hiyo kesho alikuwa anaiona inamponyoka.

"Havikatwi," alisema Robo Tatu.

Alisema hivyo akiwa amekaa juu ya meza, miguu inaning'inia, mkononi ana bisibisi anayojikunia mgongo. Hakuna aliyewahi kumwona binti huyu akikaa kwenye kiti kama watu. Jina la Robo Tatu alipewa hapohapo ofisini, kwa sababu alisoma miaka mitatu ya digrii ya miaka minne kisha akaacha. Ukimuuliza robo iliyobaki iko wapi, anakwambia iko njiani, imekwama kwenye foleni. Kazi yake ilikuwa kuchora watu na kuwafanya watembee. Kazi yake ya pili, ambayo hakuna aliyemwajiri kuifanya, ilikuwa utundu. Wiki iliyopita alikuwa amebadilisha mlio wa mashine ukawa mlio wa mbuzi, na Injinia alihangaika nusu siku kutafuta mbuzi huyo yuko faili gani.

Lakini leo hakuwa anatania.

Ofisi yenyewe ilikuwa vyumba vitatu juu ya duka la magodoro, na kazi waliyokuwa nayo ilikuwa ya kiwanda cha mabati. Kiwandani kuna mashine inaitwa presi, ina taya la chuma linaloshuka na kukunja bati kama wewe unavyokunja karatasi, na halichagui kati ya bati na mkono. Kwa hiyo kiwanda kilitaka mfanyakazi mpya ajifunzie kwanza ndani ya miwani: anaivaa, anajiona amesimama mbele ya presi, anabonyeza, anakosea, anarudia, na jioni anakwenda nyumbani na mikono yote miwili. Kumi na wanne kati ya wafanyakazi wa kiwanda walikuwa viziwi. Kwao hao, ndani ya miwani aliingia mwanamke akasimama kando ya mashine na kufundisha kwa lugha ya ishara. Ofisini walimwita Mwalimu. Mwili wa Mwalimu aliuchora Robo Tatu. Mikono ilikuwa ya dada yake, aliyevalishwa glovu zenye waya na kurekodiwa neno kwa neno, kidole kwa kidole.

Na hapo ndipo penye kasheshe. Kabla Mwalimu hajaingia, miwani ilionyesha picha tisini, au fremu tisini kama anavyoziita Injinia, kwa kila sekunde, laini kama mafuta. Akiingia tu, zinashuka hadi ishirini. Kwenye simu ungenung'unika ukaendelea na maisha yako. Kwenye miwani ni balaa: ukigeuza kichwa, kiwanda kinakufuata baadaye, kinajikokota kama mlevi, na tumbo linapanda kooni. Pale mlangoni paliwekwa ndoo ya plastiki kwa ajili hiyo. Watu watatu wa majaribio walishaitumia, na wa nne aliiona akaaga.

"Wewe mwenyewe niambie," Injinia alisema. "Shida ilianza lini?"

"Jumatatu ya wiki iliyopita."

"Na vidole viliingia lini?"

"Jumatatu ya wiki iliyopita. Lakini Jumatatu hiyohiyo tuliingiza na taa mpya, na vivuli, na saa ya ukutani, na ule uzio wa njano. Mbona hakuna anayetaka kukata uzio?"

"Vivuli nimezima, hakuna kitu. Taa nimezima, hakuna kitu. Shida inakuja akiingia yeye. Ana mifupa hamsini mikononi peke yake. Mashine inahesabu kila mfupa, kila fremu. Hiyo ni hesabu, dada yangu, haina chuki na mtu."

"Weka maandishi chini," Madam alishauri. "Wanaosoma watasoma."

Robo Tatu akashuka mezani. Akanyoosha mkono mbele ya uso wa Madam, akausokota kifundo huku amefumba ngumi. "Hapo nimesema nini?"

"Sijui."

"Hata mimi sijui. Kiwandani kwao, vidole viwili nje, hiyo ni washa. Kidole gumba nje, hiyo ni zima. Mzunguko wa mkono ni uleule. Ukiwapa glovu ya oveni, umewapa neno moja kwa vitu viwili, na katikati kuna taya la chuma. Dada yangu anafanya kazi kwenye hiyo presi. Havikatwi."

Huko chini mtu alikuwa anapigapiga godoro kumwonyesha mteja jinsi lisivyobonyea.

"Una mpaka saa kumi na mbili jioni," Madam alisema hatimaye. "Ikiwa bado nzito, toleo la Injinia ndilo linaonyeshwa. Sipendi, lakini sitawatapisha wateja ofisini kwangu."

Ilikuwa saa saba na nusu mchana. Injinia akaenda kuandaa toleo lake lisilo na vidole. Robo Tatu akaenda kutafuta ubaya.

Saa nane na nusu akamwita Injinia avae miwani. "Nimepunguza mifupa," alimwambia, sura imekunjwa kama ya mtu aliyeshindwa. "Niambie kama inatosha."

Injinia akavaa. Kiwanda kikatokea, safi, presi inang'aa. Akabonyeza somo la kwanza. Picha zikaanza kujikokota. "Bado," alisema, anashika ukingo wa meza. "Bado nzito. Ishirini na moja. Nilikwambia, kupunguza haitoshi, ni kukata..." Akainama kuangalia vizuri. "Hiki ni nini?"

Pale anaposimama Mwalimu palikuwa na boksi. Boksi la kaki, la kawaida kabisa, limebandikwa maandishi: UPANDE HUU JUU.

"Boksi lina vidole vingapi, Injinia?"

Injinia akavua miwani taratibu. Masikio yalikuwa mekundu, lakini alikuwa mtu wa haki, na namba ni namba. Mwalimu mzima alikuwa ishirini. Boksi lisilo na mfupa hata mmoja lilikuwa ishirini na moja.

"Basi mifupa imechangia fremu moja," alisema.

"Moja. Ulitaka kuniulia lugha nzima kwa fremu moja."

"Sijasema nimeelewa. Nimesema moja. Hizo nyingine sitini na tisa ziko wapi?"

Hakuna aliyejua. Na boksi, kwa uchokozi wake wote, lilikuwa limeonyesha tu wapi shida haipo. Saa tisa ikapita. Robo Tatu akaondoa uzio, akarudisha. Akaondoa sare ya Mwalimu, akamwacha amesimama kama mdoli wa dirishani, akarudisha haraka Madam alipopita. Kila akijaribu alivaa miwani mwenyewe, na kila mara alistahimili dakika moja, dakika moja na nusu, kisha ndoo. Saa kumi na robo alikuwa amekaa sakafuni karibu nayo, rangi imemtoka, wakati mlango ulipofunguliwa kwa kishindo kilichotikisa vioo.

Hivyo ndivyo dada yake alivyofungua milango. Hakusikia vishindo vyake na hakuona sababu ya kuvipunguza kwa faida ya wengine. Jina la Kelele alijipa mwenyewe, akalifurahia sana. Alikuwa ametoka zamu moja kwa moja, ovaroli lina vumbi la chuma, kikapu cha chakula begani.

"Nani anataka kunikata vidole?" aliuliza kwa mikono, kabla hata ya salamu.

"Nani kakwambia, dada?"

"Wewe. Kwenye simu. Uliandika kwa herufi kubwa."

Injinia akatokeza kichwa mlangoni, akaona, akajirudisha.

Robo Tatu akamweleza yote: fremu, boksi, saa kumi na mbili. Kelele akatazama ile ndoo, akamtazama mdogo wake, akachukua miwani mezani.

"Usivae. Itakutapisha."

"Mimi? Mimi nilipanda ile bembea ya kuzunguka mara sita mfululizo, nyinyi mmelala kwenye nyasi kama samaki. Masikio yangu hayajawahi kunifanyia kazi yoyote, hata ya kizunguzungu."

Akavaa.

Sasa, mtu kiziwi akishavaa miwani hiyo, umempoteza. Anaweza kukwambia anachotaka, mikono yake iko huru, lakini wewe huna njia ya kumjibu, hakuoni. Dada hawa wawili walikuwa na makubaliano: kumgonga bega mara mbili maana yake vua. Baada ya dakika moja Robo Tatu akamgonga bega mara mbili. Kelele akautupa mkono ule kama inzi.

"Anafundisha kama ana usingizi," alisema Kelele hewani, ameelekea ukutani. "Hii ni mikono yangu? Mimi siko hivi. Mimi nikisema zima, mtu anazima."

Dakika mbili. Robo Tatu akamgonga tena. Kelele akapiga hatua moja mbele, mbali naye.

"Niache. Nataka nimwone mpaka mwisho. Wamesema vidole vyangu ni vizito, acha niviangalie uzito wake."

Dakika tatu. Robo Tatu alikuwa ameinua mkono kumvua kwa nguvu, jicho moja liko kwenye kompyuta, pale inapoandikwa idadi ya picha. Ishirini. Ishirini. Kumi na tisa. Ishirini.

Tisini.

Akadhani macho yamechoka. Akasogea. Tisini, tisini, tisini, haitikisiki.

"Haya," Kelele alisema hewani, kidevu juu. "Sasa huyo ndiye mimi. Amekunywa chai."

Robo Tatu alimvua miwani akambusu kipaji cha uso kilichojaa vumbi, kisha akaanza upya na saa ya simu mkononi. Dakika tatu na sekunde kumi na nne, halafu tisini. Akazima, akawasha. Dakika tatu na sekunde kumi na nne. Siku kumi nzima watu wazima walikuwa wameivua miwani hiyo kabla ya dakika mbili, na kutapika, na kubishana, na hakuna hata mmoja aliyejua kwamba ukikataa kuivua, inapona yenyewe.

"Injinia," aliita. "Njoo. Haihusu vidole hii, njoo tu."

Injinia akaja. Safari hii hakubisha, kwa sababu kitu kinachochukua muda uleule kila mara si uzito, ni kazi inayoisha. Kuna kazi fulani Mwalimu anaifanya akiingia, na akishaimaliza anakuwa mwepesi. Ni ipi? Injinia akakumbuka kwamba aliwahi kuweka kikomo: mtu wa kwenye miwani akichelewa, aruhusiwe kufidia hatua zilizompita, yaani miondoko midogo ya mwili, lakini asizidi hatua mia tano kwa kila picha. Wakaiambia programu iandike kila hatua anayopiga Mwalimu toka anapoingia. Namba zikapanda. Laki tatu. Laki tisa. Zilipotulia, zilisimama kwenye milioni moja, laki tisa na elfu arobaini na nne.

Injinia akaandika kwenye kiganja kwa kalamu. Akagawa kwa tisini, kwa kuwa kila sekunde ina hatua tisini, zikawa sekunde. Akagawa tena, zikawa masaa.

"Masaa sita," alisema.

"Na ngapi?"

"Sita kamili. Anaamini amechelewa masaa sita, na kabla hajafundisha chochote anataka kwanza kupumua pumzi zote za masaa sita ambazo hakuzipumua, na kupepesa macho yote ambayo hakuyapepesa."

Wakatazamana. Kelele, aliyekuwa anasoma midomo yao na kuchoka, akauliza kwa mikono kuna nini. Robo Tatu akamjibu: anadhani kachelewa masaa sita.

Kelele akainua bega. "Atakuwa anasoma saa kama mgeni."

Robo Tatu akageuka polepole akaitazama kompyuta. Ndani ya kiwanda cha miwani, juu ya presi, kulikuwa na saa ya ukutani ya namba nyekundu. Ilikuwa inaandika 10:52. Kwenye kona ya kompyuta, saa ya kompyuta yenyewe ilikuwa inaandika 16:52. Na ilikuwa, kwa kila mtu aliyekuwa chumbani humo na wengine wote wa lugha yao, saa kumi na dakika hamsini na mbili.

"Injinia, ile saa ya ukutani uliifanyaje?"

Injinia akaitazama ile saa. "Madam alitaka isomeke kama watu wanavyotamka. Zamu inaanza saa mbili, iandike mbili, isiandike nane."

"Ndiyo. Uliifanyaje?"

"Nilirudisha nyuma masaa sita."

"Maandishi?"

"Saa," Injinia alisema, kwa sauti ndogo. "Saa ya kiwanda kizima. Ilikuwa rahisi zaidi."

Basi Mwalimu alikuwa akiingia anauliza saa mara mbili. Anaiuliza saa ya kiwanda: nimeanza lini? Inamwambia saa kumi. Anaiuliza kompyuta: na sasa ni saa ngapi? Inamwambia kumi na sita. Ulitaka afanyeje? Wafanyakazi wengine wa kuchorwa, waliojaza kiwanda cha miwani, walikuwa tayari wako ndani toka mwanzo, hawakuuliza mtu saa. Yeye peke yake ndiye aliyeingia, na yeye peke yake ndiye aliyetiwa wasiwasi. Hata boksi, lilipowekwa mahali pake, lilirithi wasiwasi huohuo.

Injinia akarekebisha mstari mmoja. Saa ikaachwa ikae inavyokaa, yakabadilishwa maandishi ya ukutani tu. Mwalimu akaingia na fremu tisini, vidole vyake vyote, vivuli vyake vyote, na uzio.

"Ilikuwa Jumatatu hiyohiyo," Injinia alisema. Alikuwa anakitazama kiganja chake kilichojaa wino. "Nilipima kila kitu chako na sikupima changu."

"Yameisha. Ila yule mbuzi namrudisha."

Madam aliingia saa kumi na mbili kasoro robo, mkoba mkononi. Akasikiliza. Akavaa, akatembea ndani ya kiwanda, akageuza kichwa kushoto na kulia, tumbo likatulia. Akavua akashusha pumzi.

"Vizuri sana. Hongereni. Lakini kesho tutaonyesha la Injinia."

"Lipi la Injinia?" Robo Tatu aliuliza.

"Lisilo na vidole. Nilishawapigia simu nikawaambia litakuwa jepesi zaidi, na maandishi yapo. Hili limepona leo jioni, mimi nitajuaje halitaumwa kesho asubuhi? Vidole tutavirudisha baadaye."

"Baadaye lini?"

"Baadaye."

Kelele alikuwa amesimama akiitazama midomo ya Madam. Robo Tatu hakuwa na haja ya kutafsiri, lakini alitafsiri, neno kwa neno, hata ile "baadaye" ya pili. Kelele akaweka kikapu chini.

"Mwambie hivi," alisema. "Kama ni glovu, basi atoe na mikono yangu yote. Kesho saa nne nitasimama mlango wa kiwanda, niwaambie wenzangu kumi na watatu wasiivae. Na kabla sijaondoka, aivae yeye. Hiyo yake. Sasa hivi."

Robo Tatu akamwambia Madam, bila kupunguza wala kuweka sukari. Madam akamtazama mwanamke huyu mwenye ovaroli, akaona kwamba njia fupi ya kufika nyumbani ilikuwa kuvaa.

Injinia akaweka toleo lake. Kiwanda kikatokea. Bati likawekwa chini ya taya, na mkono wa Madam, ule wa kwenye miwani, ukatakiwa kulishika. Mwalimu akaingia. Akainua kile kipande kimoja alichobaki nacho mwisho wa mkono, akakisokota.

"Amesema zima," Madam alisema. Akabonyeza kitufe kilekile kimoja cha kuwasha na kuzima, mkono mwingine ukiwa bado kwenye bati.

Taya likashuka.

Madam aliruka nyuma akagonga kabati, mkono wake wa kweli ameukumbatia kifuani. Hakuna aliyecheka isipokuwa Kelele, ambaye alicheka kwa sauti kubwa isiyo na breki.

"Maandishi yalikuwepo," Injinia alisema, anamsaidia kusimama. "Pale chini. Yaliandika washa."

"Sikuyaona." Madam alikuwa bado amevaa miwani. "Nilikuwa naangalia mkono."

"Tena," Kelele alisema. Robo Tatu akatafsiri: tena.

Walirudia mara nne. Madam alipatia mara mbili, na kwa hizo mbili alikiri amebahatisha. Akavua miwani, akaiweka mezani, nywele zimesimama upande mmoja.

"Lifute," alimwambia Injinia.

"Nilifute kabisa? Nisiliweke hata pembeni?"

"Likiwepo pembeni nitalikumbuka kesho saa tatu na nusu nikiogopa. Lifute." Kisha, kwa Robo Tatu, "Na kesho likigoma hili lako?"

"Likigoma, litagoma na vidole kumi, Madam. Tutasimama pale mbele yao tuseme limegoma, halafu tutalitengeneza. Lakini hatutawaambia watu washike presi kwa mkono usiosema kitu."

Madam alichukua mkoba wake. Hakusema sawa, lakini alipofika mlangoni alisogeza ile ndoo kwa mguu, akaitoa nje kabisa hadi kwenye ngazi.

Injinia akafuta. Kelele, ambaye hakungoja kuambiwa nani kashinda, alikuwa tayari amerudi ndani ya miwani, anatembea kuzunguka Mwalimu na kumkagua kama mtu anayekagua nguo aliyoshonewa.

"Hapa kwenye neno bati," alisema hewani. "Nililifanya kivivu, kidole kidogo kimelala. Lirekodiwe tena. Leteni zile waya."

"Kesho, dada," Robo Tatu alimjibu kwa mikono, akasahau kwamba hakuoni. Akamgonga bega mara mbili. Kelele akautupa mkono. Robo Tatu akaenda kabatini kutafuta zile waya.